Masika ya Kuvuka Bonde

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya Kimya. Kimya ni fundi mwenzangu; tuko pamoja tangu mji ulipoanza kutandaza mkongo wake wenyewe wa intaneti. Jina hilo tulimpa kwa kumchokoza tu, kwani bwana huyu huongea kuanzia tunapopakia ngazi kwenye gari asubuhi hadi tunapoishusha jioni. Ukifanya kazi naye hupati nafasi ya kusema lako. Basi langu nitalisema humu.

Lenyewe ni hili: mji unauza mkongo. Baraza limepiga kura leo. Kampuni mbili zitagawana, moja ichukue njia kuu, nyingine ichukue mitaa na majumba. Na sisi tulioulaza ardhini tumeipata habari kwa mlinzi wa geti.

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Kampuni hizohizo ndizo zilizotuambia zamani kwamba mji wetu ni mdogo, hauna faida, tusubiri. Hatukusubiri. Tulichimba wenyewe, tukaunga wenyewe, na leo fundi cherehani wa uchochoroni anapokea oda za miji ya mbali kupitia mikono yetu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi juani tumechumia, na kivulini naona wanakaa wengine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Kimya ameongea kutwa kuhusu mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi wa idara ametuita ukumbini. Sisi humwita Bwana Mwavuli, maana hatoki nje bila mwavuli wake mweusi, mkubwa kama paa la kibanda, hata kama wingu ni moja tu. Tangu ahamishiwe kwetu sijapata kumwona na tope kiatuni. Alisimama mbele yetu akasoma mkataba kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa.

Makabidhiano ni Ijumaa ya tarehe kumi na sita Mei, saa sita mchana. Kila mtaa utakaokuwa umewaka kufikia hapo, yaani mkongo umefika na unafanya kazi, kampuni italazimika kuuhudumia kama tulivyouhudumia sisi, uwe na faida usiwe nayo. Mtaa ambao haujawaka, kampuni itaamua yenyewe kama itaufikishia mkongo au la.

Ukumbi mzima ulinyamaza, hata Kimya. Kila mmoja wetu anajua ni upi ambao haujawaka. Ni mmoja tu: ng'ambo ya bonde, kwenye zile nyumba za mteremkoni na zahanati ndogo. Uliwekwa mwisho kwa sababu bonde ni gumu kuvuka, na mto wake masika hauna adabu. Na mama yangu mzazi anakaa huko.

Mimi ndiye mkuu wa kikosi cha kuunga. Miaka yote hii ningeweza kusema neno moja, mtaa wa Mama ukasogezwa mbele. Sikusema. Sikutaka mtu aje kuninyooshea kidole. Nilijivunia jambo hilo na bado najivunia, ila leo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilimfuata Bwana Mwavuli mlangoni nikamwomba tuvuke bonde kabla ya siku hiyo. Akauliza kama mvua zitaturuhusu. Nikamjibu kwamba mvua si bosi wangu. Akanitazama, akafungua mwavuli, akaenda zake. Nimeichukulia hiyo kuwa ndiyo ruhusa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mama. Alikuwa mkunga wa zahanati ile, amezalisha nusu ya mtaa, na ingawa amestaafu bado wanamwita Mkunga na bado wanamgongea mlango. Nilimweleza habari za kuuzwa naye akipepeta mchele wake. Nilipomaliza akatoa msemo uleule anaonichoma nao kila nikija.

"Mganga hajigangi, mwanangu."

Nikamwambia safari hii atajiganga. Akasema yeye ana redio yake, inamtosha; kinachomuumiza ni zahanati. Mgonjwa akitakiwa aonwe na daktari bingwa kwenye skrini, inabidi abebwe, avushwe daraja la miguu hadi upande wetu, na masika daraja lile linateleza kama sabuni. Wajawazito wamevushwa hapo wakiwa wamelazwa juu ya ubao wa mlango, maana machela iliyopo ni moja. Ukija huo mwanga wenu, akasema, uanzie pale, mimi mniweke mwisho.

Sikumbishia. Nani anabishana na Mkunga?

Jumatano, 12 Machi

Tumeanza kuchimba mtaro wa bondeni.

Alhamisi, 13 Machi

Mtaro umejaa maji.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeyatoa. Umejaa tena.

Jumatano, 19 Machi

Leo tumeaibika, na wa kulaumiwa ni majivuno yetu wenyewe. Ile kampuni ya mitaa ilisema italeta mhandisi kukagua kabati letu la nyuzi za mkongo pale sokoni. Jana nikawaambia kikosi, wageni wasitukute kama watu walioamka sasa hivi. Tukalisafisha lile kabati mpaka likang'aa. Ndani yake huwa tunaacha nyuzi za akiba, zimejiviringa kwa ulegevu, na kwa jicho la mgeni zinaonekana kama nywele zisizochanwa. Basi tukazichana. Tukazikunja, tukazibana, tukazifunga vizuri, kabati likapendeza kama bibi harusi.

Mhandisi alipofika, nusu ya soko haina intaneti. Uzi wa kioo ukikunjwa sana, mwanga unatoroka. Hilo mimi mwenyewe humfundisha kila fundi siku yake ya kwanza. Tumelijua miaka yote, tukalisahau kwa siku moja ya kutaka kusifiwa.

Mhandisi ni mwanamke wa rika langu, buti zake zinalia kila akipiga hatua, na Kimya ameshambatiza Buti Jipya. Nilingoja atucheke. Akachuchumaa, tukafungua vifungo pamoja, soko likarudi. Ndipo akasema na yeye aliwahi kufanya hivihivi siku walipotembelewa na waziri. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu, naye ananinyima sababu.

Alhamisi, 27 Machi

Buti Jipya amezunguka nasi kutwa. Ana ramani yenye namba za viungo, pale nyuzi zinapoungwa, na kila alipotaja namba sisi tulitazamana. Hatuvijui kwa namba. Tangu mwanzo tuna desturi yetu: boksi la kiungo likishafungwa, kikosi kinalipa jina la jambo lililotokea siku hiyo, na siku ya hitilafu jina ndilo linalotufikisha. Kipo Kiungo cha Soksi, ambapo tope lilimvua Kimya kiatu pamoja na soksi na hakuviona tena. Kipo cha Jogoo, aliyetuzuia kufungua kabati mpaka mwenyewe alipokuja kumwita. Kipo cha Bwana Harusi, aliyechelewa mpaka tukamaliza kazi yetu kabla hajafika kwenye yake. Fundi hajipi jina lake mwenyewe, na jina halipiti mpaka kikosi kizima kikubali.

Kimya alimweleza moja baada ya jingine, na Buti Jipya akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema, kwa upole lakini alisema, kwamba kampuni inatumia namba tu.

Wakati wa kula ndipo aliponiambia jambo lililonizuia tonge mdomoni. Kile kifungu cha mitaa iliyowaka hakikutoka kwa madiwani wala kwa wanasheria, na wanunuzi walikikataa tangu mwanzo.

"Ni bosi wenu, yule wa mwavuli," akasema. "Alikigandia kama kupe. Sisi tunaondoka mezani, tukirudi tunamkuta palepale nacho."

Kumbe mimi nilikuwa nampima mtu kwa viatu vyake.

Ijumaa, 4 Aprili

Mto umechukua mtaro wote na bomba la mkongo tulilokuwa tumelilaza ndani yake. Tulisimama ukingoni tukaliangalia likienda.

Sasa njia ni moja, kupitisha mkongo ubavuni mwa daraja la miguu. Daraja ni mali ya idara ya barabara, na idara ya barabara haitaki kusikia habari za matundu kwenye daraja lake. Nimekwenda ofisini kwa Bwana Mwavuli nikamweleza bila kupamba. Nilipomwita Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza sikuuma meno.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekwenda idara ya barabara. Wamemwambia arudi kesho.

Jumanne, 8 Aprili

Amerudi. Wamemwambia arudi kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Katibu muhtasi wa idara ya barabara ameniuliza kwenye simu kama bosi wetu hana ofisi, maana anashinda kwenye benchi lao na mwavuli magotini.

Ijumaa, 11 Aprili

Ruhusa imetoka. Bandu bandu huisha gogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Bomba limevuka nusu ya daraja. Tunafunga kipande, mvua inatufukuza, tunarudi, tunafunga kingine. Watu wakipita wanatuuliza maswali. Mama mmoja aliweka mzigo chini kabisa, akashika kiuno, akasema amesikia tumeuza, sasa hiki tunachojenga ni nini?

"Tunajenga, mama," nikamwambia. "Kuuza kuna wenyewe."

Akabeba mzigo wake akaondoka akicheka. Sijui kwa nini jibu langu mwenyewe limenifurahisha hivi. Nimelirudia kwa kila aliyeuliza.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nitaandika yote, kwa sababu sitaki kusahau hata chembe.

Kilikuwa kimebaki kiungo kimoja, mwisho wa daraja upande wa ng'ambo, ambapo mkongo unaotoka mjini unakutana na ule tuliokuwa tumeshautandaza mtaani. Hicho kikikamilika, nyumba ni kazi ndogo. Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Tukasimamisha hema, nikaweka mashine ya kuungia mezani, nikaanza. Mashine hii inayeyusha ncha mbili za uzi mwembamba kama unywele ziwe moja, na haivumilii hata tone la maji. Nyuzi zote zilikuwa zimeshavuliwa maganda, baadhi zimeungwa, nyingi bado.

Baada ya adhuhuri upepo ulishuka bondeni. Haukubisha hodi. Hema liling'oka na vigingi vyake, likaruka ukingo wa daraja, tukaliona linaelea mtoni. Mvua nyuma yake. Nilijilaza juu ya mashine kama mama juu ya mtoto. Kimya na wenzake walivua makoti wakayatandaza juu yangu, lakini makoti yalikuwa yameshakunywa maji na yakaanza kudondosha.

Mto ulikuwa unapanda. Ukipanda zaidi daraja lingefungwa, na likifungwa masika hufungwa wiki nzima, na wiki nzima hatukuwa nayo. Kuziacha nyuzi zile wazi ilikuwa ni kuzipoteza. Nilifikiria zahanati, na wale waliovushwa juu ya mlango. Nilikuwa karibu kulia, nayaandika kama yalivyokuwa.

Ndipo nikaona kitu cheusi kinavuka daraja kinapepesuka. Bwana Mwavuli. Alikuwa amekuja kuangalia tumefikia wapi, na viatu vyake vya ofisini, tope hadi ugokoni. Hakuuliza kimetokea nini, kwa kuwa alikiona. Aliuliza jambo moja tu.

"Unahitaji nafasi kiasi gani?"

"Kama meza ya kulia chakula, Mkurugenzi."

Akasogea, akausimamisha mwavuli juu ya mashine na mikono yangu, akaushika kwa mikono miwili akiupa upepo mgongo. Yeye mwenyewe akabaki nje. Maji yalimwagika kutoka kwenye ncha za mwavuli yakaingia shingoni mwake, na shati likamganda. Kimya akamkumbatia kiunoni kutoka nyuma, upepo usije ukawatupa yeye na mwavuli wake wote wawili. Hivyo ndivyo walivyosimama, mkurugenzi na fundi, mmoja kamshika mwenzake kama mtoto aliye mgongoni, na chini yao mimi naunga.

Niliunga uzi mmoja mmoja. Mara nyingine nilimwambia ampe mwenzake mwavuli apumzike. Akaniambia, wewe shika chako. Nikashika changu. Sijawahi kuunga vizuri kama leo, nalisema bila haya, na mwenye wivu akaunge kwake.

Tulipopima, mwanga ulikuwa umefika, safi, karibu wote. Bwana Mwavuli akainama kutazama kipimo, akauliza kama hiyo ni nzuri. Nikamwambia hiyo ni nzuri, Mkurugenzi. Akatikisa kichwa mara nyingi kama mtu aliyepokea habari za mtoto kuzaliwa.

Tukafunga boksi. Kikosi kikatazamana, kisha Kimya akatamka jina: Mwavuli. Wote tukakubali hapohapo. Mwenyewe akapinga, akasema haifai kitu cha umma kiitwe kwa mtu.

"Hatujakiita kwa jina lako, bosi," Kimya akamjibu. "Tumekiita kwa jina la mwavuli."

Jumatatu, 12 Mei

Zahanati imewaka. Muuguzi alifungua skrini, daktari wa upande wa pili akasema habari za asubuhi, na mtoto mwenye homa akatazamwa bila kuvushwa popote. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono kama mwenye mali.

Bwana Mwavuli hakuja kazini. Mkewe amenipigia kuniuliza tulimfanya nini mumewe. Ana kifua tangu utotoni, daktari alimkataza kulowa, na kwa ajili hiyo hatoki bila mwavuli. Jioni nilikwenda kumsalimu. Alikuwa anakohoa ndani ya blanketi, akataka kusikia habari za zahanati mwanzo mpaka mwisho, halafu tena.

Alhamisi, 15 Mei

Mtaa umewaka wote kwa mujibu wa mkataba. Tumeunganisha nyumba hadi mikono ikafa ganzi. Kila fundi aliyefika kwa Mama alielekezwa kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani. Mwishowe nilikwenda mwenyewe, na waya begani. Nikamwambia, Mama, kesho mchana mkongo huu si wetu tena, acha nikuunganishe kwa mkono wangu.

"Una nyumba ngapi bado?" akauliza.

Nikamwambia chache, za huko chini kabisa.

"Basi nenda huko. Miaka yote hukunipendelea, na mtaa huu wote unajua. Mimi napita hapa kifua mbele kwa ajili hiyo. Usije ukaniharibia siku ya mwisho."

Mganga hajigangi. Nilidhani ananichoma, kumbe alikuwa anatamba. Nilishuka mteremko na waya wangu begani, machozi yananitoka, na nyumba za chini nikaziunganisha zote. Ya Mama imebaki.

Ijumaa, 16 Mei

Saa sita mchana. Kalamu, hotuba, makofi. Nilidhani nitanuna, lakini meya alipouliza mkongo unakabidhiwa katika hali gani, Bwana Mwavuli alisimama, na sweta lake shingoni na kikohozi chake, akasema mitaa yote inawaka, hakuna hata mmoja uliobaki. Tuliokuwa nyuma tulinyoosha migongo bila kuambizana.

Wamenunua. Sawa. Wamenunua kitu kizuri, kilichokamilika, na hawakukijenga wao.

Kimya anakwenda na kampuni. Buti Jipya ameomba apewe yeye, azunguke naye garini amtajie majina ya viungo vyote, maana amegundua kwamba kwa namba hawafiki. Masikini, hajui alichokiomba. Mimi nimekataa kwenda. Fedha za mauzo zitafufua mabomba ya maji, na Bwana Mwavuli amehamishiwa huko, akaniambia maji nayo yana viungo. Nikamwambia nakuja, ila aje na mwavuli.

Jumanne, 27 Mei

Mvua zimekatika. Nilikuwa ndani ya shimo la bomba, tope magotini, simu ikalia. Ilikuwa simu ya video, na kwenye picha kulikuwa na paji la uso la Mama na kipande cha dari.

Wamemwunganisha leo. Amekuja fundi wa kampuni, mwanamume mwenye masharubu, mpole. Alianzia darajani kutafuta uzi wa nyumba ya Mama, na Mama, kwa kuwa ni Mkunga na hawezi kuona kitu kinafunguliwa bila kusimama pembeni, alimfuata. Fundi alifungua boksi, akatazama ndani. Kisha akamwita mwenzake aje aone. Mama akataka kujua kuna ubovu gani.

"Hakuna ubovu, bibi," akamwambia. "Ni kazi nzuri tu. Garini kwetu wanapaita Mwavuli. Sijui aliyeunga hapa ni nani."

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

Paji la uso likasogea, macho yakaingia kwenye picha.

"Nikamwambia ni mwanangu. Nikamwambia ameuunga mji mzima, na nyumba ya mamake akaiacha ya mwisho."

Nikajifuta macho kwa mkono wenye tope. Mama akaniambia nisogee penye mwanga anione vizuri, maana anaona kama nimekonda.